Aliyetembea Nyuma Yetu

Mlezi ndiye mtu mzima pekee aliyepata kuumaliza ugali wangu wa kwanza. Ulikuwa mbichi katikati, una mabonge, na mchicha wake ulikuwa na mchanga. Nilikuwa darasa la tano, nimesimama mbele yake na skafu shingoni, mikono nyuma, natafuta beji ya upishi. Alikula polepole, akautafuna ule mchanga bila kukunja uso, akanawa, akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba. Beji hupati. Jumamosi nipikie tena, na mama yako aje tule naye."

Mama alikuja akiwa amenuna. Alikaa kwenye benchi la shule akaniangalia ninavyosonga, na kila nilipokosea alifumba macho. Mlezi hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa akimwangalia Mama anavyoniangalia.

"Hivi Mlezi, mtihani huu ni wa mtoto au ni wangu?" Mama akamuuliza mwishowe.

"Ni wa nyinyi wawili, dada yangu. Mtoto hana mkono wake. Ana mkono wa aliyemfundisha."

Mama alirudi nyumbani anatukana njia nzima. Wiki ile yote alinisimamia jikoni kama askari, na Jumamosi iliyofuata nikapata beji. Mama aliishona yeye mwenyewe kwenye mkono wa shati langu, kwa mshono wa kubana ambao haukufumuka hadi shati lenyewe lilipochanika.

Ndivyo alivyokuwa Mlezi. Alikuwa na kazi yake ofisini pale Kibaha, kazi ya serikali ya kukaa na mafaili, lakini hakuna aliyemwita kwa jina wala kwa cheo. Watoto wa kikosi chake cha skauti tulimwita Mlezi, walimu wakamwita Mlezi, hata wakubwa wake wa kazi nasikia walimwita hivyo hivyo. Kila Jumamosi alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe, soksi ndefu, na kisu kidogo kilichofungwa kamba kiunoni. Alikuwa mwembamba, lakini mguu wake ulikuwa mzito ajabu. Akiingia kwenye varanda ya shule, mtu uliye darasa la mwisho unajua nani anakuja, unaficha muwa.

Hakuwahi kumpa mtoto beji kwa kuambiwa. "Nimeona?" alikuwa akiuliza, na kama hakuona basi. Mara moja bwana mmoja wa Maili Moja, mtu wa kwenda Dar alfajiri na kurudi kiza kimeingia, alikuja na gari lake kumwombea mwanawe beji ya huduma ya kwanza, kwamba kijana anajua kila kitu, amemwona nyumbani. Mlezi alimkaribisha kwa adabu zote, akampa bandeji, akamwambia, "Basi mfunge mwanao goti, nione mlivyofundishana." Yule bwana alifunga na kufungua hadi jasho likalowesha tai. Goti lilibaki limevimba kwa vitambaa kama limeumwa na nyuki. Alikasirika, akaondoka. Lakini baada ya muda alirudi, safari hii bila tai, na Mlezi akawafundisha wote wawili pamoja, baba na mwana, na huyo baba mpaka leo ndiye anayetupakizia watoto wetu kwenda kambini.

Sasa niseme mambo yake yaliyokuwa hayaingii akilini.

Kwanza, huyu mtu aliyetufundisha kuishi porini hakupenda kabisa kulala porini. Kambi zake zote zilipigwa upande wa Dutumi, nje ya msitu, kwenye uwanda, na taa ya chemli iliwaka mbele ya hema lake hadi asubuhi. Pili, kambini kwake hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuokota ukuni. Kijiti kikiwa chini, kiache chini. Tulipikia mkaa tuliokuja nao kwenye viroba kutoka Mlandizi, na vikosi vingine vilitucheka, vikatuita skauti wa mkaa. Siku moja mwenzetu mmoja, mtoto mchapakazi, aliokota mzigo mzuri wa kuni kavu akauleta akitegemea sifa. Mlezi alipouona alibadilika rangi. Akamuuliza kila kijiti amekitoa wapi, kisha akamshika mkono, wakarudi wote wawili kwenye njia kuvirudisha. Walichelewa sana kurudi, na mwenzetu alilia, si kwa kupigwa, maana Mlezi hakupiga mtu, bali kwa sababu, alisema, Mlezi alikuwa anatetemeka.

Na tatu ni beji ya njia.

Ile ndiyo iliyokuwa beji kubwa kwa Mlezi, na hakuitoa kwa mtu wa chini ya darasa la saba. Mtihani wake ni kuingia msituni upande wa Dutumi asubuhi, peke yako, na kutokea upande wa Mzenga kwenye mashamba ya mihogo, kwa kufuata alama alizoziweka yeye. Vikosi vingine huweka alama kwa mawe na vijiti. Mlezi alifunga majani. Alishika majani marefu yakiwa bado yameota, akayapiga fundo, na lile fundo lilivyoinama ndivyo ulivyotakiwa kwenda. Mafundo mawili kwenye shina moja maana yake hapa si njia.

"Usiogope," alikuwa akimwambia kila mtoto kabla hajaingia. "Nyuma yako yuko mtu mzima. Utamsikia. Lakini usigeuke. Ukigeuka umeshindwa, urudi mwakani."

Nami nikaingia. Haukuwa msitu wa kutisha. Wakati huo ulikuwa bado na miti mikubwa upande wa bondeni, lakini sehemu kubwa ilikuwa vichaka na nyasi, jua linapita, mbega wanaruka juu. Baada ya mwendo mfupi nikavisikia vishindo nyuma yangu, majani makavu yakivunjika, na moyo wangu ukatulia. Nilipokwenda, vilikwenda. Nilipoinama kusoma fundo, vilisimama. Nikafurahi, nikasema moyoni, Mlezi huyo.

Kuna mahali njia inagawanyika. Ya kushoto ni pana na inashuka kwenye bonde kuelekea mtoni. Ya kulia ni nyembamba, inapanda, na ukiitazama huidhanii. Pale nilikuta mafundo mawili upande wa kushoto, nikashika kulia. Vishindo havikunifuata. Nilitembea kipande kizima kimya, nikadhani Mlezi amejisitiri kichakani, mtu mzima na haja zake. Halafu nikavisikia vinakuja mbio kutoka nyuma, mbio kweli, kama mtu aliyeogopa kuachwa, hadi vikanifikia karibu kabisa na mgongo wangu, vikatulia, tukaendelea.

Nilipotokea kwenye mihogo, Mlezi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wake umefungwa kitambaa, bodaboda imeegeshwa pembeni.

"Shikamoo Mlezi. Umenipita wapi?"

"Marahaba. Nimekupita vipi?"

"Si ulikuwa nyuma yangu?"

Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu asubuhi ile, mimi nikiwa nimeshaingia. Alimwagiza mwalimu kijana aliyekuwa akimsaidia anifuate, yeye akazunguka kwa bodaboda kuja kunisubiri. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, na nikajua pia kwamba yule mwalimu hakuingia hata hatua moja, maana mtoto mmoja alianza kutapika kambini akabaki kumhudumia. Wakati ule Mlezi alichofanya ni kuniangalia muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mgonjwa:

"Vilikuwa vizito au vyepesi?"

Sikuwa nimewaza. Nilipowaza, nywele zilinisimama.

"Vyepesi."

"Na pale njia panda?"

"Vilibaki. Halafu vikaja mbio."

Aliinamisha kichwa. Akaniambia nimepata, akanipa mkono wa kushoto kama tunavyosalimiana skauti, na mkono wake ulikuwa wa baridi na jua lile la utosini. Akaniomba nisiwaambie wenzangu, na mimi nikawaambia wote kabla jua halijazama.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililonishinda. Mmoja wa walionitangulia alisema naye alivisikia, na alipofika mwisho Mlezi alitokea nyuma yake baada ya muda mrefu sana, anahema, kumbe alikuwa mbali. Mwingine alisema vilikuwa vya watu wawili, vizito kwa mbali na vyepesi kwa karibu. Na wadogo zetu wa miaka ya baadaye walikuwa hivyo hivyo. Nakumbuka kasichana kamoja katulivu kalikotoka msituni, kakapokea pongezi, kakanywa maji, halafu kakauliza, "Na yule mwenzangu naye kapata?"

Mimi si mtu wa mashetani. Nimesoma, nafundisha sayansi, na mwanafunzi akiniambia ameona jini namwambia alete daftari. Nasimulia tu nilichosikia kwa masikio yangu.

Habari ya Athumani niliijua kidogo kidogo, kama watoto wanavyojua habari za wakubwa. Alikuwa wa kikosi cha kabla yetu, mtoto wa upande wa Dutumi, nyumba yao ndiyo ya mwisho kabla ya msitu. Siku zile Mlezi alitumia vijiti kama wengine. Alivimenya kwa kisu hadi vikawa vyeupe, akavikata pengo kwenye ncha, akavilaza viwili vikipishana mahali pasipopitwa. Aliviweka jioni, na asubuhi mtoto aliingia peke yake, yeye akamsubiri kule mwisho. Athumani aliingia kutafuta beji ya njia. Hakutoka.

Walimtafuta kijiji kizima, na mgambo, na watu wa Mzenga wakatoka upande wao, wakipiga madebe na kuita. Walishuka bondeni wakaufuata mto. Hakikupatikana kitu, hata kandambili moja. Mama yake alikataa kuweka matanga hadi shehe alipokuja mara kadhaa kumbembeleza, ndipo ikasaliwa swala ya maiti asiyekuwepo. Nimeambiwa Mama Athumani siku ile alipika, akapakua, akaosha vyombo, na hakutoa chozi.

Mlezi alihojiwa. Wakamuuliza kama aliweka alama pale njia panda, maana hazikuonekana. Alijibu, "Labda sikuweka."

Labda. Mtu ambaye aliweza kukumbuka ni nani alisahau soksi kambi ya mwaka juzi. Waliomfahamu hawakuamini, lakini wasiomfahamu ni wengi siku zote. Walimwachia kwa kukosa kosa la kumshtakia, na watu wakalitafuta kosa wenyewe. Wakasema amemtoa mtoto kafara. Wakasema cheo chake cha ofisini ndicho alichokipata kwa damu ile, nacho kilikuwa cheo kile kile cha siku zote. Wenyeji waliwatoa watoto wao kikosini. Tulioingia baadaye tulikuwa wa wazazi wa kuja, kutoka bara, waliopanga vyumba Mlandizi na Kibaha na hawakuwa na habari. Mama yangu alipokuja kusikia, aliuliza swali moja tu, kama ni yeye aliyekula ule ugali. Akaniacha niendelee.

Na Mama Athumani alikuja. Kila siku ya kutoa beji alitembea kutoka kwake, akakaa nyuma kabisa, na kwa kila mtoto aliyeitwa alipiga makofi sawasawa, hakuzidisha wala hakupunguza. Mlezi alimpelekea kiti kwa mkono wake. "Shikamoo" haikuwepo kati yao kwa kuwa walilingana, ilikuwa "Habari za huko, Mama Athumani," na "Njema, Mlezi." Basi. Nilikuwa nikiwatazama na kuhisi baridi. Wazazi walidhani anakuja kumsuta.

Nilipomaliza chuo nikapangiwa shule moja ya huku huku, na Mlezi alikuwa amekaribia kustaafu. Akaniachia kikosi. Siku ya kunikabidhi vifaa nilimwambia kwamba mimi watoto wangu watapikia kuni kama skauti wa dunia nzima, na alama nitaweka za vijiti, majani yananikata vidole. Nilisema kwa utani. Yeye akafunga mlango wa stoo, akakaa juu ya kiroba cha mkaa, akaniambia.

Alama aliziweka. Kesho yake Athumani alipoingia hazikuwepo. Siku alipokwenda kutoa pole nyumbani kwa akina Athumani, watu walimfukuza, na katika kusukumwa alipitishwa uani, karibu na banda la jiko. Kwenye rundo la kuni kando ya mafiga aliona vijiti viwili vyeupe, vimemenywa, vina pengo kwenye ncha. Mama wa watu alikwenda kuokota kuni jioni ile, kama kila jioni. Alizoa kilichokuwa njiani.

Kisha hasira ikanipanda, nami nina hasira za karibu.

"Mlezi, mtu anakuita mla watoto sokoni, na wewe unajua hivyo? Jisafishe!"

"Nikijisafisha mimi, namchafua nani?"

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli. Yule mama amebakiwa na kitu kimoja, kunilaumu mimi. Nikimnyang'anya hicho, atashika nini? Atakwenda kujitupa mtoni." Akanishika mkono. "Asijue. Mimi nikiwa hai na nikiwa nimekufa. Umenielewa?"

Nilimwelewa, sikumkubali. Kuanzia siku ile, kila Mama Athumani alipopiga makofi pale nyuma, nilihofia mtu atamtamkia. Nikaendelea na mkaa. Nikaendelea na majani.

Alipostaafu kila mtu alitegemea atajenga Maili Moja, ana kiwanja pale. Akauza, akaenda kujenga Mzenga, nyumba ndogo ya bati pembeni mwa ile mihogo, mlango umeelekea mahali njia inapotokea. Watu wakasema mnaona, muuaji haendi mbali. Alifuga kuku, akalima mbaazi, na mchana alikaa mlangoni akitazama msitu. Nilimuuliza anasubiri nini. "Mtoto niliyempa mtihani hajamaliza," alisema, kama anavyosema mtu kwamba fundi hajaleta dirisha. Nilimwonea huruma, na nikiri, nilimwogopa kidogo.

Alikuwa na mzaha pia huko uzeeni, nisije nikamfanya mtu wa majonzi tu. Kuku wake aliwapa majina ya beji. Ukimtembelea anakwambia, "Leo tunamchinja Huduma ya Kwanza." Jogoo lake lililokuwa linapotea kila siku aliliita Ramani.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, maneno yakawa yanatoka kwa kujikokota. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, na mwishoni mwa likizo moja nikakaa naye siku kadhaa, maana muuguzi wa zahanati aliniambia nisiende mbali. Nilikuwa nikimlisha uji wakati bodaboda iliposimama nje na Mama Athumani akashuka. Alikuwa amezeeka sana, amejifunga kanga kifuani na nyingine begani, na chini ya ile ya begani kulikuwa na kitu alichokikumbatia. Hakuwahi kufika pale tangu nyumba ijengwe.

"Hodi."

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Mlezi. "Pole, Mlezi. Nimesikia unaumwa."

Mlezi akatikisa kichwa. Nilimwona jicho lake la upande mzima limeganda kwenye kile kilichokuwa ndani ya kanga.

"Nimekuja unipe mtihani," akasema Mama Athumani. "Nataka kupita ile njia. Kama wanavyopita watoto."

"Hapana," Mlezi akasema. Neno hilo lilitoka zima.

"Miye si mtoto wa kukatazwa. Na kuna kitu cha kurudisha."

Akafungua kanga. Vilikuwa vijiti viwili, vyeusi kwa moshi, vinang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Vilikuwa na pengo kwenye ncha. Bakuli la uji likaniponyoka.

"Sikuvichoma," akasema. "Nimeviweka uchagani juu ya jiko miaka yote. Moto nawasha chini yake, chakula napika chini yake."

Mlezi alikuwa akijaribu kusema. Midomo ilicheza bila sauti. Nikauliza mimi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuuliza.

"Ulijua, Mama?"

"Mtoto si alikuwa akivimenya hapo uani kwangu, ananifundisha? Mama, vikikaa hivi usipite. Mama, tazama. Nami namwambia niache nipike. Jioni ile nazoa kuni nina haraka, kiza kinaingia, sikuangalia mkononi. Siku alipokuja huyu," akamwonyesha Mlezi kwa kidevu, "nikamwona amevitazama. Ndipo nami nikavitazama. Nikangoja aseme. Kila siku nangoja. Nikija kwenye beji zenu nakaa nyuma nangoja, nasema leo ndiyo leo, atanitaja mbele za watu, nipumue. Hasemi. Ananiletea kiti."

"Mama Athumani..." Mlezi akasema.

"Ulinistiri, Mlezi. Mungu akulipe. Lakini sitara yako imenila. Weye ukifa, miye nabaki na nani anayejua?"

Mlezi alikuwa analia kwa jicho moja. Nami nililia. Yeye hakulia.

Tukakubaliana, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkatalia. Asubuhi ya pili nilipita njia nzima nikifunga majani hadi nikatokea upande wa Dutumi, nikamkuta Mama Athumani amekwisha simama pale njia inapoanzia, na vijiti vyake mkononi. Nilimwambia nitakuwa nyuma yake.

"Nyuma yangu asije mtu," akasema. "Rudi ukakae na mgonjwa."

Nikampa maji, akaingia bila kugeuka.

Nilizunguka kwa bodaboda hadi Mzenga, nikamtoa Mlezi nje kwenye kiti, nikamwegemeza mito. Tulisubiri. Jua lilipanda, kivuli cha nyumba kikaisha miguuni mwetu, kuku wakaenda kujilaza chini ya mbaazi. Nilianza kujilaumu kwamba nimemwacha mwanamke mzee porini peke yake kwa ajili ya mambo nisiyoyaamini. Upepo haukuwepo kabisa. Nakumbuka hilo vizuri, kwa sababu nilikuwa natazama majani ya mihogo na hakuna lililotikisika.

Ghafla kwale akaruka kutoka kwenye mdomo wa njia, akapiga kelele, akapita juu ya bati. Kuku wote wakainuka. Mlezi akanyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Macho yake yalianzia pale njia inapotokea, yakaja taratibu kwenye mihogo, yakaja hadi mbele ya kiti chake, yakasimama. Akanyoosha mkono wa kushoto. Aliunyoosha mbele yake, kiganja kimefunguka kidogo, akauacha hapo kwa muda. Mimi sikuona kitu.

Mama Athumani alitokea baada ya muda mrefu. Kanga ya begani ilikuwa imeanguka, mikono yake ilikuwa mitupu. Alikuwa anakimbia, kwa namna wazee wanavyokimbia, na hakunitazama mimi.

"Kapita hapa?" akauliza anahema. "Alikuwa nyuma yangu tangu mwanzo, namsikia. Pale njia panda nikavilaza, nikamwambia, mwanangu, hapa si njia. Kasimama. Halafu kanipita mbio, kanipangusa mkono huu. Nimemwita hasikii. Kapita hapa?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba ni kwale.

"Amefika," Mlezi akasema, na maneno yalitoka yote, hayakukwama hata moja. "Amefika salama, Mama Athumani. Nimempa mkono."

Mama Athumani akakaa chini pale pale vumbini, akavua kandambili zake, akazipanga kando. Kisha akaanza kulia. Alilia kwa sauti ya juu, kilio cha siku ya kwanza ya msiba, akimwita mwanawe kwa jina, na majirani wa Mzenga wakaanza kutoka majumbani, wanawake wakijifunga kanga njiani, wanakuja kuuliza nani amefariki.